Kidonge Kisichofika Titye

Ukiwatazama vijana wanaopakia magunia ya maharage Kasulu wakiwa vifua wazi, au wazee wanaoota jua nje ya nyumba zao Kibondo, utaona alama ninayokutana nayo kila mara nikiwa Buha, mkoani Kigoma. Ni chale fupi fupi, zimepangwa upande wa kushoto wa tumbo, chini kidogo ya mbavu. Nimeziona pia kijijini Titye, kwa watu wa rika zote. Ukiuliza zilichanjwa kwa sababu gani, unajibiwa kwa neno moja: bandama.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Kwenye nchi ya malaria bandama huvimba, na kichocho nacho huivimbisha. Mganga anaposhika tumbo na kukuta uvimbe mgumu upande wa kushoto, hajabuni kitu. Lakini upo ugonjwa mwingine unaovimbisha bandama mpaka ikashuka kufikia kitovu, na huo haujali chale wala dawa ya mseto ya malaria. Ni saratani ya damu ya aina inayokwenda taratibu, ambayo madaktari huiita CML. Anayeugua huchoka, hukonda, hutoka jasho usiku, hushiba baada ya tonge mbili kwa kuwa bandama imelisonga tumbo. Miaka hupita akitibiwa malaria. Seli zake nyeupe, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya elfu nne na elfu kumi na moja hivi katika tone dogo la milimita moja ya ujazo, zinaweza kupita laki moja, na bado analima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mgonjwa huyu, umbali kati ya Titye na kabati la dawa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Dawa ipo duniani tangu 2001, ni ya kumeza nyumbani, na imewapa watu miaka mingi ya maisha. Hatari kubwa iko kwenye siku ambazo kidonge hakipo, na ukiielewa kazi inayofanyika ndani ya seli katika siku hizo, utakataa kabisa kumwita mgonjwa aliyekosa nauli “mzembe”.

Kutoka kwenye muhogo hadi kwenye damu

Hadithi nzima inazunguka kitu kinachoitwa kimeng'enya. Akina mama wa Buha wanakifahamu kwa kazi yake hata kama hawakitaji kwa jina. Muhogo mchungu ukivundikwa kwenye maji siku kadhaa unalainika, na kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe kinaivunja ile sumu mpaka itoke. Ulezi ukiloweshwa na kuoteshwa ukawa kimea, vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari, ndipo togwa ikapata utamu. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani, kisha hubaki palepale kuirudia tena na tena. Miili yetu ina maelfu ya aina zake, na bila hivyo hatupumui wala hatusagi chakula.

Vimo pia vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kutoa amri. Hivi huchukua kipande kidogo cha fosfeti na kukibandika kwenye protini nyingine, na protini ile huamka: seli igawanyike, au ipumzike, au ife kwa kuwa imechakaa. Kimojawapo kinaitwa ABL. Kwa mtu mwenye afya, ABL husubiri kuitwa, hufanya kazi yake, hunyamaza.

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waligundua kwamba seli za wagonjwa wa CML zina kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Ilichukua miaka kumi na mitatu kujua kipande kilichokosekana kilikwenda wapi. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago, mwanamke aliyekuwa akikata picha za kromosomu na kuzipanga kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale zilipoungana, jeni ya ABL imegandana na nyingine iitwayo BCR, na kimeng'enya kinachotoka hapo hakijui kunyamaza. Kinaamuru usiku na mchana.

Hakuna mtu aliyemroga mgonjwa. Kosa hili halirithiwi kwa mama wala baba, haliambukizi kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu najua kaya zilizovunjika kwa kutafuta mchawi wa tumbo lililovimba.

Seli iliyofundishwa kustahimili

Seli yoyote hukutana na shida: hewa ya oksijeni ikipungua, chakula kikikosekana, DNA yake ikikwaruzwa. Seli yenye adabu, ikiona imeharibika kupita kiasi, hujiua yenyewe ili isiuchafue mwili. Kimeng'enya cha BCR-ABL huizuia amri hiyo ya kujiua. Na kinafanya jambo baya zaidi: huongeza ndani ya seli zile kemikali za oksijeni zinazoikwaruza DNA, kisha huisaidia seli kuikarabati kwa pupa. Ukarabati huo una makosa. Kila seli inapogawanyika makosa yanaongezeka, na mojawapo siku moja linaweza kuwa kinga dhidi ya dawa.

Dawa yenyewe ni imatinibu. Ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998, Brian Druker wa Oregon akiwa mstari wa mbele, na Marekani ikaiidhinisha Mei 2001. Inaingia kwenye kishimo cha kimeng'enya ambamo ATP, nishati ya seli, hukaa ili kutoa fosfeti. Kidonge kikishakaa hapo ATP haina pa kuingilia, amri zinakoma, seli za saratani zinaanza kufa. Katika utafiti mkubwa wa kwanza, baada ya miaka kumi zaidi ya asilimia 80 ya walioanza na dawa hii walikuwa hai. Kabla ya hapo, wengi waliishi miaka mitatu hadi mitano, kisha ugonjwa ukalipuka na kuwamaliza ndani ya miezi.

Sasa tazama saratani inavyojibu. Kimeng'enya kimejengwa kwa mnyororo wa asidi za amino. Kwenye nafasi ya 315 ya mnyororo huo hutakiwa kukaa treonini. Katika baadhi ya seli, kosa moja tu la DNA huiondoa treonini na kuweka isoleusini, ambayo ni nene zaidi. Kishimo kinabadilika umbo na imatinibu haiingii tena. ATP inaendelea kuingia kama kawaida. Seli moja ya namna hii kati ya mamilioni inatosha kuanzisha upya ugonjwa wote. Zipo pia seli mama zinazojificha kwenye uboho, mahali penye oksijeni kidogo, zimelala bila kugawanyika. Dawa inazipita bila kuziua, na mgonjwa anayejisikia mzima kabisa bado anazo.

Hata ini la mgonjwa lina kauli. Kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4 ndicho kinachoivunja imatinibu. Mtu akianza kutumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, kimeng'enya hicho huongezeka sana na kiwango cha imatinibu kwenye damu hushuka vibaya, ingawa kidonge amekimeza kwa saa ile ile. Kwenye mkoa wenye kifua kikuu kama wetu, mgonjwa asipowaambia wauguzi wa kliniki moja kile anachopewa kwenye kliniki nyingine, anaweza kupotea akiwa mtiifu kuliko wote.

Kwa watoto, ambao saratani yao ya damu mara nyingi ni ile ya ghafla, mambo yanafanana kwa undani ingawa dawa ni tofauti. Wao hupewa asparajinesi, ambayo yenyewe ni kimeng'enya: inaondoa asparajini kwenye damu, na seli za saratani zisizoweza kujitengenezea asparajini zinakufa njaa. Zile zinazofaulu kuwasha kimeng'enya chao cha kuitengeneza hunusurika. Kisha mtoto humeza merkaptopurini kila siku kwa muda mrefu, na kati ya seli zinazorudi baada ya matibabu kuna zenye kimeng'enya, NT5C2, kilichobadilika kikawa hodari wa kuibatilisha dawa hiyo.

Sisi tuliokulia kwenye malaria tunalijua jambo hili. Klorokwini iliwatibu bibi na babu zetu, ikazoeleka, na mwaka huo huo wa 2001 ambapo imatinibu iliidhinishwa, Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza. Hakuna aliyesema vimelea vilishinda kwa kuwa Watanzania ni wavivu.

Siku tatu katika mwezi

Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha matokeo ambayo ningependa kila mganga mkuu wa wilaya ayabandike ukutani. Waliwafuatilia wagonjwa 87 wa CML waliokuwa wametumia imatinibu kwa miaka, wakaweka kwenye vifuniko vya chupa kifaa kinachohesabu kila zinapofunguliwa. Miongoni mwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango kinachotakiwa ndani ya miaka sita ulikuwa asilimia 94.5. Miongoni mwa waliomeza asilimia 90 au pungufu, ulikuwa asilimia 28.4.

Asilimia kumi ya mwezi ni siku tatu. Watu wale walikuwa London, duka la dawa liko mtaani, basi la hospitali linapita kila baada ya dakika chache. Siku tatu ni nini kwa mtu wa Titye? Siku tatu ni mvua iliyokata barabara ya kijijini. Ni msiba wa shemeji Kakonko. Ni kusubiri mnunuzi wa maharage afike na bei isiyo ya kuumiza. Nani kati yetu hajawahi kuchelewa siku tatu kwa jambo alilolipania?

Na katika siku hizo kimeng'enya hakichelewi. Kishimo kikiwa wazi ATP inaingia, amri zinatoka, seli zinagawanyika, makosa ya DNA yanazaliana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ukuta wenyewe hapa ni dawa za kizazi cha pili na cha tatu. Dasatinibu na nilotinibu zilikuja 2006 na 2007. Ponatinibu ya 2012 na asiminibu ya 2021 ndizo zinazoweza kuikabili ile isoleusini ya nafasi ya 315. Kwa kaya inayohangaika na nauli, kumwambia mgonjwa kwamba sasa anahitaji ponatinibu ni karibu sawa na kumwambia hakuna dawa.

Gharama ya dawa ya bure

Kupitia mpango wa kimataifa wa msaada, wagonjwa wa CML wa Tanzania wamekuwa wakipewa imatinibu bila kulipia, na kwa miaka mingi mahali pa kuipatia palikuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Nawashukuru wote walioifanya kazi hiyo. Watu wako hai kwa sababu yao. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka imatinibu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na baada ya Mahakama ya Juu ya India kuamua Aprili 2013 kwamba kampuni ya Novartis haistahili hataza iliyoiomba, njia ya viwanda vya India kuendelea kutengeneza dawa hiyo kwa bei ndogo ilibaki wazi.

Lakini chukua mfano wa mama wa Titye mwenye miaka 38, mume na watoto wanne. Nimechagua umri huo kwa makusudi. Ulaya na Marekani ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliokaribia au kupita miaka sitini, ambao watoto wao ni wakubwa. Afrika wengi wanaogundulika wako kwenye miaka ya thelathini na arobaini, wakati ambao jembe la nyumba nzima liko mikononi mwao. Mama huyu akipewa rufaa Dar es Salaam, reli ya kutoka Kigoma peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200. Akienda Bugando, Mwanza, ambako kuna huduma za saratani, atapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi na Geita, na tangu Juni 2025 atavuka ziwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Ni nafuu kubwa. Bado ni safari ya kulala njiani, kula hotelini, kumlipa wa kuangalia watoto, na kurudi.

Kadi yake ya bima ya CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu sita imekuwa ikiilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, huishia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni. Mbele ya hapo anauza mbuzi. Safari ya pili anauza shamba la kahawa. Safari ya tatu mume anaanza kuuliza: mbona umepona, tumbo limenywea, unakwenda kufanya nini tena? Swali hilo linatoka kwa mtu anayempenda mkewe na ambaye pia anaona watoto hawana sare za shule. Mama anagawanya vidonge, anameza leo kesho anaacha, ili kopo lifike msimu wa mavuno. Anaamini anabana matumizi. Ndani ya uboho kiwango cha dawa kinashuka chini ya kile kinachoweza kukifunga kimeng'enya, na ufa unafunguka.

Kuna la uzazi pia, ambalo halisemwi vya kutosha. Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayeitumia anahitaji uzazi wa mpango, na akitaka mtoto anahitaji kupanga na daktari kabla. Anapokosa mtu wa kuzungumza naye karibu, anaacha dawa kimya kimya akishika mimba, au anaendelea nayo bila kujua.

Wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongo wamehifadhiwa tangu 1996, nao wanaumwa magonjwa haya haya. Mtu akirejeshwa kwao bila barua ya tiba na akiba ya dawa, amerejeshwa kwenye ugonjwa.

Njia tuliyokwisha kuipita

Nikisema dawa iwafuate wagonjwa, naulizwa: wilaya itaweza wapi kutibu saratani? Naheshimu swali hilo. Kugundua CML na kuanzisha tiba kunahitaji bingwa na maabara nzuri, na sitaki zahanati ianze kubahatisha. Ninachodai ni kazi ya mwezi kwa mwezi baada ya hapo. Na kazi hiyo tumekwisha kuifanya kwa dawa za VVU.

Wapo wasomaji wanaokumbuka wakati ambapo ARV zilipatikana kwenye hospitali chache, na wataalamu wa nje walitia shaka kama Mwafrika wa kijijini anaweza kumeza dawa kila siku kwa saa maalumu. Leo kliniki za VVU (CTC) ziko wilayani na kwenye vituo vya afya. Mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine za miezi sita. Anapokosa tarehe yake anapigiwa simu au anafuatwa nyumbani. Nidhamu, madaftari, makabati, wahudumu wa ngazi ya jamii: vyote vipo. Je, kidonge cha imatinibu ni kizito kuliko cha ARV hata kisiweze kupakiwa kwenye gari lile lile la Bohari ya Dawa?

Kwenye vipimo tuna bahati ambayo wengi hawajaiona. Mgonjwa anayetumia imatinibu anatakiwa kupimwa kiasi cha BCR-ABL kwenye damu kila miezi mitatu mwanzoni: baada ya miezi mitatu kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini, baada ya mwaka hadi asilimia 0.1. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha mapema kwamba seli sugu zimeanza kuinuka, wakati mgonjwa bado anajisikia vizuri. Kinafanywa, pamoja na njia nyingine, kwa GeneXpert, mashine ambayo hospitali nyingi za mikoa na wilaya nchini zinaitumia kwa kifua kikuu. Kinachobadilika ni katriji, na jibu hutoka kwa saa chache. Tulinunua mashine kwa ajili ya makohozi, na hapo hapo inaweza kusoma damu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa 2023. Kitita cha huduma zake kinapopangwa au kupitiwa upya, wapo watakaosema saratani ya damu ni ya watu wachache na fedha ziende kwenye malaria na uzazi. Ni kweli ni wachache. Lakini kuna magonjwa mangapi ambayo kidonge kimoja kwa siku, cha kiwanda cha kawaida, humrudisha mama wa miaka 38 shambani kwa miaka ishirini? Hesabu ya kaya haifanyiki kwa idadi ya wagonjwa wa taifa. Kwa kaya ile, mgonjwa ni mmoja na ndiye aliyekuwa anailisha.

Yanayoweza kuanza sasa

Zahanati zetu zinaweza kuanza na jambo dogo. Mtu mzima mwenye bandama iliyovimba, ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu au ametibiwa na uvimbe haujapungua, apelekwe kwenye picha kamili ya damu. Ni kipimo cha kawaida, hospitali ya wilaya inakifanya. Seli nyeupe zikionekana kwa makumi ya maelfu bila maambukizi ya kueleweka, hiyo ni rufaa, na isisubiri mwezi ujao. Waganga wa asili nao waambiwe bila kubezwa. Wao ndio wanaoyashika matumbo haya kabla ya mwingine yeyote, na mganga akielezwa kwamba bandama ngumu isiyotulia ina hospitali yake, amepewa heshima na kazi ya kuokoa watu.

Madiwani wa Kasulu na Kibondo wana vikao vya halmashauri. Naomba swali moja liingie kwenye kikao kijacho, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu: ni lini Maweni itaweka kliniki ya kugawa imatinibu kwa wagonjwa waliokwisha kuanzishiwa tiba, na ni nani mwenye jukumu la kuagiza katriji za BCR-ABL?

Na wewe unayesoma ukiwa na kopo la vidonge hivyo ndani, au la mzazi wako, hesabu leo vilivyobaki. Vikiwa chini ya vya siku kumi na nne, piga simu kliniki sasa, usingoje tarehe ya kadi. Usivigawanye, usimgawie mwenzako, usiruke siku ili vifike mbali. Vimeze pamoja na chakula na maji ya kutosha. Macho yakivimba au misuli ikikaza, mwambie daktari kabla hujaamua mwenyewe kuacha. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, peleka makopo yote mawili kwenye meza moja. Na nauli ikikosekana, mwambie mhudumu wa afya wa kitongoji chako siku hiyo hiyo, kwa jina la dawa na idadi ya vidonge vilivyobaki, ili mtu mwingine anayekwenda Mwanza au Dar es Salaam apewe barua ya kukuchukulia.